Wenda lini?

Marehemu mama alikuwa na swali moja la kunipokelea. Nikitoka Marekani, nikafika nyumbani Mikanjuni, Tanga, na mabegi yangu mawili, nikamwamkia, alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akanitazama vizuri, kisha akauliza: "Karibu mwanangu. Wenda lini?"

Hakuwa akinifukuza. Alitaka kupanga siku zake: lini atume mtu akanunue pweza soko la samaki la Deep Sea, lini twende kwa ndugu zetu wa Pangani, lini aanze kujizoesha tena kukaa bila mimi. Jibu nilikuwa nalo, limechapwa kwenye tiketi. Wiki tatu. Mwaka mmoja tu zilikuwa nne. Naye alinijibu kwa ile kauli wanayotutania nayo watu wa Tanga nchi nzima: "Haya. Waja leo waondoka leo." Akainuka kwenda jikoni.

Swali hilo lilinirudia tarehe 14 Machi mwaka 2024, nimesimama mbele ya ofisa wa uhamiaji uwanja wa ndege wa Dulles, nje ya Washington. Ukumbini mle miguu ilikuwa imenipeleka yenyewe kwenye mstari wa raia na wakaazi, mstari nilioupita miaka 12 bila hata kuwaza. Kijana aliyekuwa akipanga watu akaitazama pasi yangu, akaninyooshea mkono upande wa pili. Wageni huku. Nikazunguka. Mstari wa wageni ulikuwa mrefu, umejaa kina mama wa Kihabeshi tuliotoka nao Addis Ababa, kila mmoja na bahasha yake ya karatasi. Zamu yangu ilipofika nikaweka vidole kwenye kioo, nikapigwa picha, na ofisa, bila ukali wowote, akaniuliza nitaondoka lini.

"Aprili 18," nikamjibu. Lakini sauti niliyoisikia ikiniuliza haikuwa yake.

Nieleze yalivyokuwa, maana kuna watu hapa mtaani walionihukumu kwa nusu ya habari, kwamba niliuacha ukaazi wa Marekani. Desemba 2004 nilijaza bahati nasibu ya grini kadi kwenye intaneti kafe. Mwaka uliofuata barua ikaja kwa sanduku la posta, na Februari 2006 nikatua Maryland na mwanangu wa miaka minane, theluji imetanda. Tulipanga Long Branch, mtaa wa Silver Spring wenye watu wengi wa El Salvador. Kazi niliyoipata ni ya kuhudumia wazee kwenye makao yao: kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani asipate vidonda, kubadilisha shuka. Nikaifanya mpaka naondoka.

Kadi ile inaitwa ya ukaazi wa kudumu, lakini kudumu kwake kuna sharti, nalo ni kuishi kule. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita unaanza kuulizwa mlangoni. Ukipitisha mwaka mzima bila kibali, kadi yenyewe haikutoshi kuingilia. Ndiyo maana kila nikiwa Tanga nilikuwa nahesabu. Nilihesabu siku za likizo, nikahesabu siku za kadi. Kwa miaka yote ile sikulala nyumbani kwetu hata usiku mmoja bila kujua zimebaki siku ngapi.

Kwa nini sikuchukua uraia? Hilo naulizwa mno. Tangu 2011 nilikuwa na haki ya kuuomba. Lakini sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Ukila kiapo kule, huku umejitoa. Mwanangu alikula kiapo mwaka 2016, akiwa na miaka 19, na sikumzuia, yeye amekulia kule. Mimi mkono ulikataa.

Novemba 2017 mama akapigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea wote. Nikaomba kibali cha kurejea, kile cha miaka miwili, ambacho ni lazima ukiombe ukiwa bado ndani ya Marekani. Machi 2018 nikaja. Mikono iliyolipwa kwa saa kuwaogesha wazazi wa watu ikamwogesha mama yangu. Nilijua namna ya kumwinua bila kumuumiza, nilijua pa kuweka mto, nilijua kumlisha uji taratibu asipaliwe. Naye kwa ulimi uleule mzito aliendelea kuniuliza, "Wenda lini?" Nikawa namjibu, "Bado, mama." Jibu hilo halikumtuliza. Bado yangu ilikuwa na tarehe, Aprili 2020, na yeye alijua kwamba ipo.

Januari 2020 nikajaza fomu I-407, ya kutamka kwamba naacha ukaazi. Ni fupi wala haina ada. Nikaitia kadi ndani ya bahasha pamoja na fomu, nikaipeleka Posta nikaituma Marekani, kwa sababu tangu Julai 2019 hutumwa kule, si ya kumkabidhi mtu dirishani hapa. Anayefikiria kufanya kama mimi asisahau upande wa kodi: aliyekuwa na kadi kwa miaka minane katika 15 ya mwisho anatakiwa pia ajaze fomu 8854, athibitishe kwa kiapo kwamba kodi zake za miaka mitano iliyotangulia ziko sawa. Hata kama mali yake yote ni nyumba ya vyumba vitatu. Nilitafuta karatasi zangu za kodi kwa wiki mbili, na nashukuru sikuwahi kutupa hata moja.

Nilipotoka Posta nilikaa ukingoni mwa kitanda cha mama. Akauliza kama kawaida yake. Nikamwambia, "Siendi." Akanyamaza sana, mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema kwa taabu, neno moja moja, "Basi kanunue pweza."

Tuliishi naye hivyo hadi Juni 2022. Miaka ile miwili na nusu hakuniuliza tena.

Mjukuu wangu alizaliwa Agosti 2023, na safari hii ni yake. Nikajaza maombi ya viza ya kutembelea. Ndani ya fomu mna swali kama umewahi kuwa mkaazi wa kudumu, nikaandika ndiyo. Ada ilikuwa dola 185, zaidi ya shilingi laki nne na nusu, na haikuwa ya kurudishwa hata ukinyimwa. Nikapanda basi la alfajiri, nikapita Segera na machungwa ya Muheza mapajani, nikalala kwa binamu yangu Dar, asubuhi nikawa Msasani, kwenye ubalozi wa Marekani. Nilibeba hati ya nyumba, leseni ya biashara yangu ya mikate, na picha za oveni. Ofisa hakuviangalia. Alitaka nakala ya I-407 yenye muhuri wao.

"Kwa nini uliirudisha?"

"Mama yangu aliugua."

"Yuko wapi sasa?"

"Alifariki."

Sheria yao inamtaka amhesabu kila mwombaji wa viza ya namna ile kuwa anataka kuhamia, mpaka mwenyewe athibitishe vingine. Akaniuliza hilo waziwazi: mwanangu yuko kule, mama hayupo tena huku, nina cha kurudia? Nikamwambia kwamba ningetaka kuhamia ningekuja kwa mlango wa kuhamia, mwanangu ni raia na umri wa kuniombea anao. Nataka kumbeba mtoto, nirudi kwenye mikate yangu. Akaichukua pasi.

Kwa hiyo nilifika, katika siku za mwanzo za Ramadhani. Mwanangu alinipokea na mtoto kifuani. Nikamshika mwanangu uso kwa viganja viwili kabla sijajua nafanya nini.

Saumu ya Maryland nilikuwa naijua kwa ubaya wake. Juni 2016 tulifunga zaidi ya saa 16, na mimi niko zamu ya mchana, nalisha wengine. Machi ni nafuu, ila magharibi inakusogea kila siku kwa kama dakika moja, na mtu aliyezoea jua la Tanga, lisilobadilika sana mwaka mzima, lazima aangalie saa. Nilipika kaimati. Muhogo niliupata wa barafu kwa Wasalvador walewale, duka lilelile, na mwenye duka akaniuliza nilikuwa wapi siku zote, kama vile nilisafiri mwezi jana.

Nilitembea sana. Nilipoondoka 2018 mtaa wetu ulikuwa umechimbwachimbwa kwa ajili ya reli mpya ya Purple Line. Nimerudi baada ya miaka sita nimeikuta bado inajengwa. Dirisha la fleti yetu ya zamani lina pazia la watu wengine. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilichokiona ni jinsi kijito cha Sligo kilivyo karibu na pale, chenye njia ya kutembelea na miti pande zote mbili, na mimi katika miaka 12 nilikifahamu kama daraja ambalo basi hulipita.

Tarehe 17 mwanangu akanipeleka Tidal Basin kuona maua ya micheri, ile miti ambayo asili yake ni zawadi ya jiji la Tokyo mwaka 1912. Ilikuwa siku yenyewe ya kilele. Miaka yote niliyoishi umbali wa treni tu kutoka pale sikuwahi kwenda, kwa sababu wikiendi ndiyo zamu zilikuwa zinalipa. Kulikuwa na mti mmoja mdogo, shina limebaki ganda, matawi machache, umeupa mgongo ukuta uliokuwa ukizama. Maji yalipojaa yalikuwa yakipanda juu ya ukuta na kuloweka mizizi. Watu walikuwa wameupa jina, Stumpy, na walipanga foleni kupiga nao picha, maana ulikuwa ukatwe mwaka ule ili ukuta utengenezwe. Ulikuwa umechanua. Nilisimama nao kwa muda mrefu kuliko mwanangu alivyotarajia, akaanza kumbembeleza mtoto.

Jambo lililoniuma lilikuja wiki ya tatu. Shoga yangu wa Mombasa, tuliyefanya naye kazi makao yale, sasa anahudumia wazee majumbani. Akanipigia: "Dada, nisaidie usiku mmoja tu. Bibi mwenyewe hana shida, wamwogesha, wamlaza. Nitakupa hela mkononi." Alikuwa na mtoto mgonjwa, hakuwa na mwingine wa kumwita. Nikamwambia siwezi. Viza ya kutembelea hairuhusu kufanya kazi. Akasema hakuna atakayejua. Nikasema najua. Kimya kikawa kizito kwenye simu, nikaona nimemvunja moyo mtu aliyenipikia siku nilizougua, na kwamba mikono yangu, ambayo nchi ile iliitumia miaka 12 mpaka mgongo ukapinda, sasa ni kosa kuitumia kwa usiku mmoja. Kadi niliirudisha kwa hiari yangu na silaumu mtu. Lakini usiku ule sikulala. Asubuhi nilipanda basi hadi kwake, nikakaa na mwanawe mgonjwa siku nzima, bila senti, kama shoga, ili yeye alale.

Usiku wa Idi, Aprili 10, mwanangu alingoja mkewe aingie kulala. Akaniambia, "Mama, nikuombee upya. Mzazi wa raia hana foleni ya miaka." Alikuwa ameshasoma kila kitu, hata gharama ameziandika kwenye simu. Sikumjibu haraka, kwa sababu lile ni pendo, na pendo haliombwi radhi ovyo.

Nikamwambia: "Nikiipokea tena, nitaanza tena kuhesabu nikiwa Tanga."

Akasema, "Lakini sasa wahesabu ukiwa kwangu."

Ni kweli. Na sikuwa na la kumjibu. Siku zangu lazima zihesabiwe mahali. Nilichochagua ni upande tu, na upande huu nao una mtu wangu. Alinilazia kichwa begani kama alivyokuwa akifanya utotoni. Ofisa alinipa mpaka Septemba, tiketi ilisema Aprili 18, na Aprili 18 tulipanda treni ya Silver Line, ambayo niliiacha bado haijafika Dulles, sasa inafika kwenyewe, mtoto amelala njia nzima.

Jana usiku mwanangu alinipigia. Wanakuja Desemba. Alikuwa akijaza maombi ya viza ya Tanzania, maana mwenye pasi ya Marekani hulipa dola 100, awe amezaliwa hospitali ya Bombo hapa Tanga au asizaliwe. Chumba cha bibi yake nimeshakipaka rangi, nimeweka wavu mpya dirishani kwa ajili ya mbu na mtoto. Akawa ananisomea fomu swali kwa swali, tukafika kwenye muda wa kukaa.

"Niandike ngapi, Mama?"

"Wanatoa mpaka siku 90."

"Likizo yangu ni wiki tatu."

"Najua," nikamwambia. "Andika wiki tatu."