Anzeni na kompresa moja

Kampuni changa nyingi za Dar huingia kwenye kiwanda kikubwa na ombi zito mno: kufunga mfumo wa kupima mashine na umeme kiwanda kizima. Meneja anasikiliza kwa heshima, anatoa kadi yake, habari inaishia hapo. Ombi linalopita, kwa maoni yangu, ni la mashine moja, namba moja na tarehe ya kuamua kama kiwanda kitanunua zaidi.

Tazama viwanda vya Chang'ombe au Barabara ya Nyerere. Vingi vina kompresa, yaani mashine ya kusindilia hewa kwenye tangi, na hewa inapovuja hakuna anayejali, kwa sababu haichafui sakafu kama mafuta. Pimeni kabla ya kufunga kifaa chochote. Siku uzalishaji umesimama, washeni kompresa peke yake na muandike inajaza dakika ngapi, inapumzika ngapi. Ikijaza 3 na kupumzika 7, asilimia 30 ya uwezo wake inapotelea kwenye maungio na mipira. (Ile inayobadili kasi ya mota haipimwi hivi.) Fundi wa kiwanda asaini namba hiyo. Isipokuwepo, miezi mitatu baadaye kila mtu atakuwa na sababu yake ya bili ya TANESCO kupanda au kushuka: oda ziliongezeka, zamu ilibadilika.

Ndipo vifungwe vifaa vyenu vya kupimia umeme. Mota ya kilowati 37, umeme wa fezi tatu wa volti 400, huvuta ampea 68 hivi ikibeba mzigo wote. Klampu za ampea 100, yaani vipimio vinavyobana waya na kusoma umeme unaopita, zinatosha. Hapa ndipo wengi huharibu. Klampu moja ikigeuzwa nyuma, au ikioanishwa na volti ya fezi nyingine, ampea zitasomeka vizuri kabisa huku kilowati zikija pungufu. Upungufu huo utaonekana kama akiba ya umeme, na meneja akija kugundua, imani imekwisha. Hakikini fezi mojamoja siku ileile. Kazi ya kwenye paneli aifanye fundi umeme wa kiwanda, swichi ikiwa imezimwa na kufungwa kufuli. Data ipite kwenye laini ya simu ili msisubiri kibali cha mtandao wa ofisi, na antena itoke nje ya boksi, maana chuma kinakata mawimbi.

Fedha sasa. Jaribio la bure silishauri hata kidogo: kazi isiyo na LPO (hati ya oda ya ununuzi) haina mwenyewe ndani ya kiwanda, na siku mashine ikihitajika haraka vifaa vyenu ndivyo vitakavyong'olewa kwanza. Tuseme bei ni shilingi 10,000,000 kabla ya VAT. Kodi ya zuio ya 5%, ambayo mteja huikata kwenye malipo ya huduma na kuipeleka TRA, itakatwa, yaani 500,000 haitafika benki. Daini cheti chake. Kama mmesajiliwa VAT, 1,800,000 inaingia kwenye ritani (taarifa ya kodi) ya mwezi wa ankara, na TRA wanaitaka kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama mteja hulipa baada ya siku 90. Kampuni changa yenye kazi nzuri inaweza kukauka hapo. Ombeni nusu LPO ikitoka, salio siku ya uamuzi, na mseme hivyo kabla bei haijakubaliwa.

Mkataba uandike kwamba data ya vipimo ni mali ya kiwanda na programu ni ya kwenu. Uandike pia cheo cha anayeamua. Awe mwenye bajeti ya matengenezo. Afisa ubunifu atawafungulia mlango, lakini mara nyingi hana fungu la kununulia kifaa cha pili.