Siku moja maishani mwangu: usiku wa mbio za matanga, upepo umekufa

Saa 9 alasiri

Utabiri wa hali ya hewa haujabadilika tangu jana. Jioni upepo utakuwa maili mbili za bahari kwa saa, usiku hakuna kitu, na alfajiri labda maili tatu. Vyombo viwili vimeshajiondoa. Mimi sijiondoi. Mbio za usiku nimeshiriki za kila namna, na ninazozipenda kuliko zote ni hizi za upepo mwembamba, maana upepo mkali hubeba hata chombo kilichofungwa vibaya, lakini katika shwari kila kosa lako linaonekana.

Chombo chetu kina urefu wa mita 5.5, mlingoti mmoja na matanga mawili. Kazi ya alasiri ni kupunguza uzito: tunashusha kila kisichohitajika, tunakausha ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, kwa sifongo mpaka tone la mwisho. Ila nanga nimekataa isishushwe, pamoja na kamba yake ya mita 40 na nyingine ya akiba ya mita 20. Mwenzangu anaipima uzito mkononi.

"Kaka, hii nanga yote ya nini? Si tunakwenda mbio?"

"Utaiona kazi yake usiku, mdogo wangu."

Kabla ya kuondoka nabadilisha nyuzi. Watu wengi hubandika vipande vya uzi wa sufu kwenye tanga ili waone hewa inavyopita. Uzi wa sufu ni mzuri mchana, lakini ukishalowa umande hulala ukashikamana na kitambaa, usiseme lolote. Mimi nafunga utepe wa kaseti kuukuu, urefu wa shibiri moja, kwenye kamba za mlingoti za pande zote mbili. Ule hunyanyuka hata kwa pumzi ya mtu.

Saa 11 jioni

Honi imelia. Vyombo 12 kwenye mstari, na hakuna anayepiga kelele kama ilivyo kawaida ya mwanzo wa mbio. Viwili vimesukumwa na maji vikavuka mstari kabla ya wakati, sasa inabidi virudi, na kurudi bila upepo ni kazi ya nusu saa nzima.

Kanuni ya 42 ya kimataifa ya mbio za matanga inasema chombo kiende kwa upepo na maji tu. Hakuna kupiga kasia, hakuna kukiyumbisha chombo kwa makusudi, hakuna kulipepea tanga kama feni wala kuuchezesha usukani kama mkia wa samaki. Kinachobaki ni kukaa vizuri. Tunahamia mbele karibu na mlingoti, wote wawili upande upepo unakoelekea, ili chombo kilale kidogo. Uzito ukiwa mbele, tezi, yaani nyuma ya chombo, inanyanyuka; kikilala, sehemu ya ubao inayogusa maji inapungua, na tanga linaning'inia kwa uzito wake likapata umbo hata kama hakuna hewa ya kulijaza. Kana, mpini wa usukani, naishika kwa vidole viwili. Kila unapougeuza usukani unakuwa breki.

Saa 1 usiku

Jua limezama. Taa zimewashwa: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Kurunzi tumeifunika karatasi nyekundu, kwa sababu macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde moja huharibu nusu saa yote hiyo.

Boya la kwanza tumelizunguka tukiwa wa tisa.

Saa 4 usiku

Upepo umekufa kabisa. Utepe wa kaseti umesimama wima kama mstari wa timazi. Maji yako kimya hivi kwamba nyota zimo ndani yake, na mwenzangu anazungumza kwa kunong'ona bila kuambiwa.

Kwa macho, tunakwenda. Maji yanapita ubavuni, na vijidudu vinavyong'aa vinaacha mstari mwembamba nyuma ya usukani. Lakini nimechagua taa mbili za nchi kavu, moja nyuma ya nyingine, na kwa dakika kumi nimeziangalia zikiachana upande usiotakiwa. Natazama kifaa cha GPS kuthibitisha. Maji yameanza kupwa. Chombo kinakwenda mbele majini nusu maili kwa saa, na maji yenyewe yanarudi nyuma zaidi ya maili moja. Tunarudi tulikotoka huku tanga limetwekwa na omo, pua ya chombo, inatazama mbele.

"Sasa," namwambia, "leta nanga."

Nanga ya mbio haitupwi. Mwenzangu ameiteremsha mkono kwa mkono, upande ambao taa za wenzetu haziufikii, bila mnyororo kugonga ubao hata mara moja. Mita 18, ikagusa mchanga. Akaachia kamba ya mita 40 yote, nikaunganisha na ile ya akiba, kwa sababu nanga nyepesi inashika tu kamba ikilala. Kamba ikakazana, matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye nyuzi zake, halafu maji yakaanza kuvuma kidogo kwenye omo kama kijito. Chombo kimesimama. Sasa sauti ile ya maji yanayopita ni sauti ya wenzetu wanaorudi nyuma.

Kanuni zinaruhusu kutia nanga, mradi uing'oe kabla ya kuendelea. Nimezima nyekundu na kijani, nikapandisha nyeupe moja ya pande zote, kama sheria ya bahari inavyotaka kwa chombo kilichotia nanga mahali pa kupita vyombo. Najua taa hiyo inafichua mbinu yetu. Sikusita, maana maisha ya watu hayachezewi kwa ajili ya nafasi moja au mbili.

Saa 6:20 usiku

Nilikuwa nimelala, ni zamu yangu ya kupumzika. Mwenzangu ananigusa bega.

"Kaka, naona nyekundu na kijani pamoja."

Ukiziona zote mbili kwa wakati mmoja, chombo hicho kinakuja moja kwa moja kwako. Juu yake kuna taa mbili nyeupe zilizopangana wima. Meli. Nachukua kurunzi kubwa namulika tanga kuu, ambalo tumeliacha juu, likawaka lote kama ukuta mweupe. Tunasubiri. Moyo wangu unapiga kwa nguvu. Kisha kijani ikafifia, ikatoweka, ikabaki nyekundu peke yake ikipita taratibu, karibu nusu maili kutoka kwetu. Dakika kadhaa baadaye mawimbi yake yakafika, mlingoti ukatikisika, umande wote uliokuwa kwenye tanga ukatumwagikia.

Mwenzangu aliiona mapema, akaniamsha mapema. Hilo nimelithamini kuliko kitu chochote cha usiku huu.

Saa 8:30 usiku

Mlio wa maji kwenye omo umepungua hadi umeisha. Kamba ya nanga imelegea. Na shavu langu la kushoto limeanza kuhisi baridi, ile yenye harufu ya udongo na majani. Umande wa nchi kavu, yaani upepo wa usiku utokao bara. Ardhi hupoa haraka kuliko bahari, hewa nzito ya juu yake ikateremka kuelekea majini, na kwa kawaida hupata nguvu karibu na alfajiri.

Utepe wa kaseti umenyanyuka. "Ng'oa!" Mita 60 za kamba yenye mchanga, mikono imekufa ganzi, hakuna aliyelalamika.

Saa 11 alfajiri

Maji yanajaa, yanatubeba, na upepo ni maili tatu kamili. Tunakwenda! Tumesogea karibu na pwani kuufuata upepo ule kabla haujachoka. Kunapopambazuka nahesabu matanga: manne mbele, mengine mbali sana nyuma, pale pale tulipoyaacha usiku au nyuma zaidi.

Saa 2:41 asubuhi

Mwisho wa muda ni saa 3 kamili. Tumevuka mstari tukiwa wa nne, zikiwa zimebaki dakika 19, na honi imelia kwa ajili yetu. Vyombo vitano tu ndivyo vilivyomaliza kati ya 12.

Nimegeuka nimwambie mwenzangu kwamba nafasi hii ya nne ni yake. Amelala amekaa, kichwa kwenye mlingoti, demani, kamba ya kuongozea tanga, bado imezungushwa mkononi mara mbili. Nimeifungua kidole kwa kidole, nikaishika mwenyewe, nikakielekeza chombo nyumbani.