Siku moja maishani mwangu: wakala wa wachoraji mjini Paris

Mimi ni wakala wa wachoraji. Nilikulia Tanga, sasa ninaishi Paris, na kazi yangu ni kusimama kati ya wachoraji wa Kifaransa na wale wanaowaagiza kazi, wawe ni wahariri wa magazeti au kampuni za manukato, vitambaa na vyakula. Ndugu na marafiki wanaoniuliza hudhani kwamba tunauza picha. Tunachouza hasa ni ruhusa ya kuitumia picha, na Jumanne ninayoisimulia hapa, kwa saa zetu za Kiswahili, karibu yote ilikwenda kwenye jambo hilo.

Saa mbili na nusu asubuhi

Kabla ya kuingia ofisini hupita kwenye kibanda cha magazeti na kuyatazama majalada. Magazeti mengi ya Kifaransa huweka picha ya kamera kwenye jalada, na mchoraji hupewa nafasi ndani, kando ya makala. Wachoraji wamekuwa na kiu ya kuchora majalada kwa muda mrefu: mwaka 2013 kundi lao lilifanya maonyesho yaliyoitwa The Parisianer, ambayo yalikuwa ni majalada ya jarida lisilokuwepo, kwa heshima ya The New Yorker, jarida la Marekani ambalo limejengwa juu ya majalada ya kuchorwa. Mfaransa Jean-Jacques Sempé, aliyefariki mwaka 2022, alilichorea jarida hilo majalada zaidi ya 100 kuanzia mwaka 1978, na mpaka leo kijana anayemaliza shule ya uchoraji ya Strasbourg au ya Estienne hapa Paris anaweza kukutajia ndoto ya kulichorea jalada bila kusita. Ninanunua Le 1, gazeti la wiki lililoanzishwa mwaka 2014, ambalo ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa. Nalipenda kwa dhati, kwa sababu ukilikunjua mchoro hupata nafasi ya kupumua.

Saa tatu na nusu

Agizo la kwanza linatoka kwenye jarida la wiki. Makala inahusu wauguzi wa zamu ya usiku na usingizi wao wa mchana. Mchoro utachukua nusu ukurasa, michoro ya awali inatakiwa leo mchana na kazi kamili kesho. Magazeti hulipa kwa ukubwa wa nafasi: robo ukurasa, nusu, ukurasa mzima, jalada. Bei si kubwa, lakini mchoraji hupata uhuru, na jina lake huchapishwa pembeni ambako wahariri wengine huliona. Ninampigia mchoraji mmoja ambaye najua anapenda vyumba na mwanga wa dirishani. Anaomba atumiwe makala nzima badala ya muhtasari, na ninafurahi kila ninaposikia ombi hilo, kwa kuwa mchoro unaotokana na kichwa cha habari peke yake hurudia tu yale ambayo msomaji ameshasoma.

Saa tano

Hapa ndipo asubuhi inapokuwa nzito. Kampuni moja ya vipodozi inataka michoro sita kwa ajili ya maboksi ya msimu wa sikukuu, na mkataba uliotumwa na mwanasheria wake una sentensi moja inayosema kwamba mchoraji anaiachia kampuni haki zote, kwa matumizi yote, duniani kote, bila kikomo cha muda.

Sheria ya Ufaransa haiendi hivyo. Kanuni za mali ya ubunifu za mwaka 1992 zinadai kwamba kila haki inayouzwa itajwe peke yake, na kwamba mkataba uonyeshe matumizi hayo yana upana gani, ni ya kazi gani, ni ya mahali gani na ni ya muda gani. Kisichotajwa kinabaki kwa mchoraji. Zaidi ya hapo ipo haki ya heshima, ile inayompa mtunzi mamlaka juu ya jina lake na juu ya ukamilifu wa kazi yake. Haiuzwi, haipitwi na wakati, na akifa, warithi wake ndio huirithi. Haki za kipato zenyewe hudumu miaka 70 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo ninarudisha mkataba nikiwa nimeuandika upya, kipengele kwa kipengele: maboksi na tovuti ya kampuni, Ulaya tu, miaka miwili. Mabango ya barabarani yatakuwa na bei yake wakiyataka. Mchoro hautakatwa wala kubadilishwa rangi bila idhini ya mchoraji, na hautatumika kufundishia programu za akili bandia. Sharti hili la mwisho hatukuwa nalo zamani, ila sasa sitoi mkataba bila hilo, kwa sababu maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 yanamruhusu mwenye haki kukataa kazi yake isichimbwe na mashine, yaani isikusanywe na kuchambuliwa na programu, ilimradi atamke kwamba amekataa. Ninaongeza ombi la jina kwenye ubavu wa boksi. Katika biashara ya matangazo desturi imekuwa kutoliweka jina la mchoraji, na ninaamini desturi hiyo inapaswa kuondoka: gazeti maskini linamtaja mchoraji, sioni kwa nini kampuni tajiri ishindwe.

Mwanasheria ananipigia baada ya nusu saa. Ni mtu mwenye adabu, na anauliza swali la haki kabisa: kwa nini mchoro wa boksi ugharimu mara kadhaa ya mchoro wa gazetini ilhali mkono ni ule ule na siku ni zile zile? Ninamjibu kwamba gazeti litasomwa wiki moja, ilhali boksi litauza bidhaa kwa miaka miwili katika nchi nyingi. Bei inafuata maisha ya mchoro. Anasema atalipeleka suala hilo kwa wakuu wake.

Saa nane mchana

Michoro mitatu ya awali ya muuguzi imefika, yote kwa penseli. Wa kwanza unaonyesha saa ya ukutani na mwezi, wazo ambalo kila mtu angelifikia. Wa tatu ni mzuri lakini una vitu vingi mno kwa nusu ukurasa. Wa pili ndio ulionishika: muuguzi amelala na viatu vyake vya kazi mguuni, na shuka aliyojifunika ni pazia la hospitali, lile linalozungushwa kitandani, likiwa bado limening'inia kwenye reli yake, nyuma yake dirisha liko wazi na jua la adhuhuri linamulika kisigino cha kiatu kimoja. Hakuna uso. Uchovu wote uko kwenye kiatu hicho.

Ninapozungumza na mkurugenzi wa sanaa wa jarida ninamkumbusha jalada la The New Yorker la Aprili 2017 lililochorwa na Malika Favre, Mfaransa anayejulikana kwa rangi chache na kingo kali. Alimweka mtazamaji mahali pa mgonjwa aliyelala chali, akitazama juu kwenye nyuso za madaktari wanne wa upasuaji walioinama, wote wanawake. Madaktari wanawake katika nchi nyingi walipiga picha wakiiga jalada lile na kuzisambaza mtandaoni. Nguvu yake ilitoka kwenye mahali alipomlaza mtazamaji, na mchoro wetu wa pili una uamuzi wa aina hiyo hiyo. Mkurugenzi anasema atauonyesha kwa mhariri mkuu.

Saa kumi

Ninapanda metro hadi Montreuil, mashariki ya Paris, kumtembelea mchoraji anayeandaa skafu ya hariri kwa nyumba moja ya mitindo. Meza imejaa karatasi zilizokunjwa pembe kwa pembe. Anakunja, anatazama kinachobaki juu, anakunjua, anasogeza ndege mmoja sentimita mbili, anakunja tena. Mtu aliyekulia pwani anamwelewa mara moja: kama ilivyo kwa kanga yenye pindo na mji, nguo hii lazima ipendeze ikiwa imetandazwa na ipendeze ikiwa imefungwa shingoni. Skafu za Hermès, nyumba ya mitindo ya Kifaransa, zilizoanza mwaka 1937 na ambazo ukubwa wake wa kawaida ni sentimita 90 kwa 90, huchapwa rangi moja baada ya nyingine, kila rangi na fremu yake ya kuchapia, na skafu moja yaweza kudai fremu zaidi ya 30. Mchoraji anayeongeza rangi anaongeza fremu.

Tunamzungumzia Ugo Gattoni, mchoraji Mfaransa ambaye amechora skafu za Hermès na kisha bango la Olimpiki ya Paris lililozinduliwa Machi 2024 katika jumba la makumbusho la Orsay. Ni mabango mawili, la Olimpiki na la Paralimpiki, yanayoungana kuwa mji mmoja wenye watu wapatao 40,000, na yalimchukua saa zipatazo 2,000. Hakuna gazeti linaloweza kununua saa 2,000. Kampuni na taasisi kubwa zinaweza, na ndiyo sababu siwezi kuzikwepa hata pale mikataba yao inaponichosha.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Ninaandika ankara mbili, kila moja ikiwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 10 kwa uuzaji wa haki, na asilimia 1.1 ambayo mteja huchangia kwenye hifadhi ya jamii ya wasanii. Hilo huisha haraka.

Mwanasheria ameandika. Miaka miwili wamekubali, Ulaya wamekubali, sharti la akili bandia limebaki, na jina litakuwa chini ya boksi badala ya ubavuni. Mchoraji anasema chini panatosha. Nao mhariri mkuu wa jarida amechagua mchoro wa pili, ila anataka pazia liwe la kijani kibichi ili lisifanane na shuka. Mchoraji amekubali, na ataanza rangi usiku huu.