Shada la Majilio kwa ringi ya baiskeli na masale

Nilipokabidhiwa watoto wa shule ya Jumapili katika mtaa wetu, huku juu ya mji wa Moshi, mapambo ya Krismasi yalikuwa puto, karatasi za kumetameta na mti uliobandikwa pamba kuwa theluji. (Theluji tunaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila asubuhi isiyo na mawingu, lakini pamba lazima.) Nikataka kitu ambacho mtoto angekitazama Jumapili hadi Jumapili, ajue anachokingoja.

Nikachagua shada la Majilio: duara la majani lenye mishumaa ya Jumapili nne za kuingoja Krismasi. Sisi Walutheri lina historia na sisi: mwaka 1839, mjini Hamburg, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto wa mazingira magumu, nao hawakuchoka kumuuliza Krismasi ni lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu ya siku za juma na minne mikubwa myeupe ya Jumapili. Siku hizi wengi tumebaki na ile minne tu. Kwa Wakatoliki mitatu huwa ya zambarau na mmoja wa waridi, unaowashwa Jumapili ya tatu, ya furaha.

Gurudumu nililipata kwa fundi baiskeli wa Mbuyuni: ringi kuukuu, spoku zimetolewa. Makopo manne yenye mchanga, waya, karatasi ya zambarau, kazi ikaisha.

Majani ndiyo yaliyonisumbua. Ulaya hutumia matawi yasiyopukutika wakati wa baridi, ishara ya uzima. Lakini hapa mgomba ni kijani mwaka mzima. Mtoto wa kihambani ukimwonyesha jani bichi atashangaa nini? Nikakata masale, majani marefu ambayo sisi Wachagga humpelekea mtu tunapomwomba msamaha, kwenye mpaka wa shamba letu.

Mzee mmoja wa kanisa alinikuta nikiyafunga.

“Mwalimu, sale ni la mila. Unalipelekaje madhabahuni?”

“Meku, ndugu aliyekukosea akikuletea sale, unaweza kumkatalia msamaha?”

“Siwezi.”

“Basi mshumaa wetu wa pili ni wa amani.”

Hakuridhika. Tukaenda kwa mchungaji, naye akakubali kwa sharti kwamba nieleze kila kitu mbele ya ibada kabla ya kuwasha. Nikaeleza: duara halina mwanzo wala mwisho, kama Mungu, mwanga unaongezeka kila Jumapili kwa sababu Isaya alisema watu waliokwenda katika giza wameona nuru kuu, na mshumaa wa tano, mweupe wa katikati, unaongoja Krismasi, ni yule aliyesema, “Mimi ndimi nuru ya ulimwengu.” Nikamalizia na masale: Mungu anatafuta kupatana na sisi.

Binti mmoja wa darasa la nne akanyoosha mkono. “Sale si hupelekwa na aliyekosa? Yesu alikosa nini?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya mishumaa, si hilo. Aliyejibu ni yule mzee, kutoka benchi lake.

“Hakukosa, mjukuu wangu. Hata kwetu mkosaji halipeleki mwenyewe kila mara. Anamwomba mtu amwendee.”

Sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo, na sasa ndiyo ninayowapa watoto. Masale hukaa mabichi majuma yote manne ukiyanyunyizia maji. Mishumaa myembamba ya dukani ndiyo hainusuriki, nunua minene.