Upepo wa Grigal ulipofunga njia ya Gozo

Tulivuka kwenda Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa cha nchi ya Malta katika Bahari ya Mediterania, Alhamisi ya tarehe 21 Februari 2019, bahari ikiwa shwari. Kutoka uwanja wa ndege wa Malta tulipanda basi X1 hadi gati la Ċirkewwa, karibu saa moja na nusu, kisha kivuko cha dakika 25 hadi bandari ya Mġarr. Wakati wa kwenda hulipi chochote. Nauli, ambayo mwaka ule ilikuwa euro 4.65, hukatwa unapotoka kisiwani.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa Marsalforn, pwani ya kaskazini, hatua chache kutoka ufukweni. Bei ya Februari ilikuwa chini ya nusu ya bei ya Agosti, na sababu tuliijua usiku wa kwanza. Nyumba za Gozo hujengwa kwa mawe laini ya chokaa yanayonyonya unyevu, kama kuta za matumbawe za Lamu na Unguja. Zimejengwa kuzuia joto la kiangazi. Nje kulikuwa na nyuzi 13, na ndani hapakuwa na tofauti kubwa, ila shuka zilikuwa na ubaridi wa nguo isiyokauka.

Mwenye nyumba alikuwa ameacha hita ya gesi, ile yenye mtungi ndani yake. Inapasha haraka, lakini kila kilo moja ya gesi inayoungua hutoa kama kilo moja na nusu ya mvuke. Mvuke huo hugeuka maji kwenye ukuta baridi, na baada ya siku chache ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati. Tena ni lazima dirisha liachwe wazi kidogo, kwa sababu gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua. Bora kupasha kwa kiyoyozi na kuwasha mashine ya kunyonya unyevu mchana kutwa. Ndoo yake tulikuwa tunaimwaga asubuhi na jioni. Vitanda tulivisogeza shubiri moja kutoka ukutani. Plagi zilikuwa zile zile za pini tatu za Kenya na Tanzania, kwa hiyo adapta hatukuzihitaji.

Ijumaa ilikuwa nzuri kupita kiasi. Watu wanaokijua Gozo cha Agosti wanajua kisiwa cha rangi ya vumbi. Mvua yake hunyesha zaidi kati ya Oktoba na Machi, na Februari kila konde ni kijani. Kimalta kinalisema hili chenyewe: mvua ni xita, majira ya baridi ni xitwa, mzizi mmoja. Kando ya njia kulijaa maua ya manjano yanayojifunga mawingu yakitanda. Mmea huo asili yake ni Rasi ya Afrika Kusini, uliletwa Malta mwanzoni mwa karne ya 19, na wenyeji wanauita ħaxixa Ingliża, majani ya Kiingereza. Sokoni Victoria, mji wa katikati ambako mabasi yote hukutana, muuza mboga alimtajia mteja bei, ewro u sittin, nasi tukaelewa bila mkalimani: euro moja na senti sitini. Hata tufaha wao wanaliita tuffieħa.

Jioni utabiri ulitoa onyo la Grigal. Huu ni upepo wa kaskazini mashariki, upande ule ule wa Kaskazi yetu. Lakini Kaskazi huleta joto na kusukuma majahazi. Grigal ni baridi, hupiga kwa vishindo, na mawimbi yake husafiri mbali bila kizuizi kabla ya kufika Malta. Wengi wanaamini ndio ule uliovunja merikebu ya Mtume Paulo, ambao Biblia ya Kiswahili inauita Eurakilo.

Marsalforn inautazama uso kwa uso. Anayekwenda Gozo majira hayo aangalie dira kabla ya bei: ghuba ya kaskazini haina kinga ya Grigal, ilhali Xlendi, upande wa kusini magharibi, ina majabali mgongoni. Upepo wa kaskazini magharibi, Majjistral, ndio unaoipiga Dwejra, ghuba ya pwani ya magharibi. Jumamosi asubuhi tulinunua mkate, mayai, na ġbejniet, jibini ndogo za maziwa ya kondoo, za kututosha siku tatu, maana bidhaa nyingi huja kwa kivuko na Jumapili maduka mengi hufungwa.

Kivuko kilisimama. Jumapili ya tarehe 24 mawimbi yalivuka ukuta wa barabara ya ufukweni, yakabeba mawe na mchanga hadi milango ya mikahawa iliyofungwa tangu Oktoba. Hatari kubwa ni wimbi linalorudi: linavuta miguu kuelekea baharini, na hakuna cha kushika. Wenye magari walikuwa wameshayapandisha mitaa ya juu. Kisiwa kikubwa cha Malta, upande wa Xemxija, samaki wa vizimba vya ufugaji walitupwa hadi barabarani na watu wakawaokota kwa mifuko.

Upepo ulipopungua tulitembea hadi Xwejni, kwenye mashamba ya chumvi yaliyochongwa mwambani. Vidimbwi vilijaa mawe na mwani. Chumvi huvunwa kuanzia Mei hadi Septemba: maji huachwa kwanza kwenye vidimbwi vikubwa yapate joto na kukolea, kisha huhamishiwa vile vidogo, na baada ya kama wiki moja fuwele hufagiliwa kwa ufagio. Kwa hiyo kazi ya wenye mashamba ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: kuzoa mawe na kusugua mwamba.

Siku ya kurudi tulilipa 4.65 zetu pale Mġarr. Upepo ulikuwa umekufa, lakini mawimbi ya chini hubaki muda mrefu baada yake, na mlangoni mwa bandari kivuko kilianza kuyumba. Tulikaa katikati ya chombo, sitaha ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo, macho tukiyaelekeza kwenye mnara wa Comino, kisiwa kidogo kilicho kati ya Gozo na Malta, hadi Ċirkewwa.