Kutoka Tinde juu ya keria

Kondakta alinidanganya. Nilipokata tiketi Dar es Salaam nilimuuliza mara mbili kama basi linaingia Shinyanga mjini, akaapa kwamba linaingia na linalala huko huko. Nikalipa 55,000, nikakalia kiti kilichokataa kulala, na saa nane usiku nikaguswa bega: "Mama, Shinyanga hii, shuka." Ilikuwa Tinde. Basi lilikuwa la Kahama, na Tinde ndiyo njia panda linapoipa Shinyanga mgongo. Nikabaki kando ya lami na begi langu na kiroba cha nazi kumi nilizombebea mama mkwe.

Gesti ya jirani walitaka 20,000 kwa saa tatu zilizobaki kufika alfajiri. Nilikataa. Nikakaa kwenye benchi la mama ntilie aliyekuwa macho kwa ajili ya madereva wa malori, chai ya rangi na chapati moja 2,000, na kila nilipofumba macho nilimwona yule kondakta akiapa.

Kulipoanza kupambazuka nikawaendea bodaboda. Kwa mama mkwe ni upande wa Usanda, kama kilometa 14 kutoka pale, kwanza lami halafu njia ya vumbi. Walitaka 15,000. Nikasema 8,000, wakacheka wakageukia abiria mwingine. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mwangaluka, mayu."

Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa na Msukuma, na Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Nikaitikia. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, ameshika baiskeli ya Phoenix iliyofifia rangi. Alikuwa ameleta kuku ndani ya matenga mawili, wakapakiwa kwenye lori la alfajiri, na sasa alikuwa anarudi kwao tupu. Kwao na kwa mama mkwe ni njia moja. "Nipe 4,000, mama. Matenga nayaacha kwa huyu mama, nitayafuata kesho."

Keria ilikuwa imefungwa kipande cha godoro kwa mpira. Nikakaa upande, kama nilivyofundishwa utotoni, begi mapajani, nazi zikaning'inia kwenye usukani. Nilikuwa sijapanda baiskeli miaka kumi na saba.

Tulikwenda vizuri mpaka tulipoiacha lami. Nchi ile ni tambarare, na ndiyo maana baiskeli inaheshimika huko. Mtu anaweza kupiga pedeli saa nzima asikutane na mlima wa kumshusha. Adui ni mwiba wa mgunga. Tulikuwa tumeingia kwenye vumbi kama kilometa tatu nilipohisi ringi inagonga chini yangu, na kijana akasema kwa utulivu kabisa, "Pancha."

Aliigeuza baiskeli miguu juu. Akalitoa tairi kwenye ringi kwa kijiko cha chuma kilichopondwa bapa, akavuta mpira wa ndani, akaujaza upepo. Kwa fundi kuna karai la maji ya kutafutia tundu. Sisi tulikuwa na nusu chupa yangu ya maji ya kunywa, nikamnyooshea. Akakataa, akasema kunywa mama, jua linakuja. Akaupitisha ule mpira polepole karibu na jicho lake, inchi kwa inchi, hajapepesa. Ngozi ya jicho, alinieleza, inausikia upepo ambao kidole hakiusikii. Akasimama ghafla, akatia mate pale, povu likatoka.

Kichupa chake cha solusheni, gundi ya kubandikia kiraka, kilikuwa kimekauka. Basi akaikunja ile sehemu ya tundu ikawa kama kitovu, akaizungushia uzi wa mpira aliouchana kutoka tyubu kuukuu, akakaza kwa meno. Akapiga pampu, ikashika. Tulipokwenda kama kilometa moja ikalegea. Akarudia. Mara ya tatu tuliamua kutembea, yeye anasukuma, mimi nazi zangu begani. Safari ya saa moja ikawa saa tatu na nusu, na ndani ya saa hizo nikauliza swali nililopaswa kuuliza tangu Tinde: kwa nini hanunui tyubu mpya?

"Tyubu ni juu yangu, mama, na jana sikufikisha hesabu."

Hesabu ninaijua. Dar kila dereva wa bajaji na daladala anapeleka hesabu kwa tajiri wake jioni. Sikujua kuwa na baiskeli inayo. Ile Phoenix si yake. Ni ya mwenye duka mmoja anayemiliki baiskeli sita, na kila siku ya kazi kijana anampelekea 1,500. Tairi likiisha, tajiri ananunua. Pancha, spoku, gololi na cheni ni juu ya mwendeshaji. Akiugua, hesabu inasimama siku mbili, ya tatu baiskeli inapewa mtu mwingine. Ameiendesha mwaka wa pili sasa unaisha.

Nilifanya hesabu kichwani huku natembea, nikairudia kwa sauti ili anisahihishe. Siku sita kwa wiki ni 9,000. Kwa mwaka 468,000. Miaka miwili 936,000. Baiskeli kama ile ikiwa mpya, aliniambia, mjini ni 240,000. Ameshalipa baiskeli tatu na anakaribia kuimaliza ya nne, na hana hata kengele ya kuiita yake. Niliona aibu kumtamkia. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayeambiwa uzito wa mzigo alioubeba siku zote.

Wala haikuwa kwamba kazi hailipi. Kuku, viazi vitamu, michembe ya viazi vilivyokaushwa, mkaa, wagonjwa, kila kitu kijijini kinapita juu ya keria. Kabla ya baiskeli alikuwa anauza kuku wale wale kwa mchuuzi anayepita nyumbani, kwa bei ya mchuuzi. Kufika Tinde mwenyewe kulimwongezea 2,000 hadi 3,000 kwa kila kuku. Faida ilikuwepo, nami niliiona kwa macho yangu. Njia iliyokuwa inaitoa nyumbani kwake ndiyo iliyoniuma.

Kwa mama mkwe nilifika nimepauka vumbi mpaka kope. Nikapiga goti, akanipokea kwa vigelegele, akazigonga nazi moja moja kusikia maji yake. Kijana alipewa uji na dumu la maji ya kunawa, akalala chini ya mwembe kidogo, akaondoka.

Siku nne nilizokaa pale sitazieleza zote. Zilikuwa za kupika, kupokea wageni na kumsikiliza mama akilalamikia presha yake. Nitaeleza Alhamisi.

Bomba la maji ya Ziwa Victoria limefika Shinyanga mjini na Kahama, lakini kitongoji kile bado kinaamkia lambo, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Zamani nilipokuja, nilikwenda na mawifi zangu kila mmoja na ndoo yake ya lita 20 kichwani, safari nne kabla ya jua kukaza. Shingo ilikuwa inaniuma mpaka Dar. Safari hii niliona kina mama wakirudi wakisukuma baiskeli, kila moja imefungwa madumu manne, lita 80 kwa mkupuo mmoja. Kila fremu ilikuwa na mstari wa rangi ya njano.

Ni kikundi chao. Wako ishirini, kila Alhamisi kila mmoja anaweka 3,000, na kila wiki ya nne inatimia 240,000 inayonunua baiskeli moja. Hawagawi pesa. Wanakwenda mjini watatu, wananunua, wanarudi nayo. Aliyekaa mbali zaidi na lambo alipata kwanza. Waliopata walikuwa kumi na mmoja. Nikauliza ule mstari wa njano ni wa nini, wakacheka wote. Baiskeli ya kwanza mume aliichukua, akawa anaendea kilabuni nayo, mke akarudia ndoo. Wakakaa kikao, wakanunua kopo la rangi. Sasa fremu yenye njano ikionekana imeegeshwa kilabuni, kikundi kizima kinaifuata, mchana kweupe, wakiimba. Mpaka raundi iishe hakuna anayeruhusiwa kuiuza wala kuiweka rehani.

Mpwa wa mume wangu, binti wa kidato cha pili, anatumia ya mama yake kwenda shule ya kata, kilometa 7. Mama yake hakuzungumzia masomo. Alisema, "Sasa hapandi lifti." Anayejua vijijini kwetu anajua lifti ya bodaboda inavyodaiwa baadaye kwa binti. Kule Zambia, shirika la World Bicycle Relief liligawa baiskeli kwa wasichana wa shule za vijijini, watafiti wakafuatilia, na siku za kukosa shule zikapungua kwa zaidi ya robo. Sikuwa nimewahi kuifikiria takwimu hiyo kama uso wa mtu. Uso wake ni wa binti yule, akitoka saa kumi na mbili na nusu badala ya saa kumi na moja, sketi ameipachika pini isiingie kwenye cheni.

Usiku ule sikulala kwa kuiwaza Tanga. Kwetu baiskeli haina mke wala mume. Mama yangu alikuwa anakwenda sokoni kwa baiskeli, baibui limekusanywa kiunoni, kapu la samaki nyuma, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kapu lile. Nami nilipohamia Dar niliiacha baiskeli yangu kwa binamu, kwa sababu ofisini niliogopa kuonekana sina nauli. Barabara za mwendokasi zilipojengwa zikaja na njia ya baiskeli pembeni, na humo leo nakuta pikipiki na meza za wachuuzi. Sijawahi kuipita hata siku moja juu ya pedeli. Jambo hili limenikaa vibaya tangu Usanda.

Ijumaa niliwauliza wale kina mama kama kijana anaweza kuingia kwenye kikundi. Wanaume hawaingii, walisema, lakini ana mke? Anaye. Basi mke aje raundi ijayo, baada ya miezi tisa.

Jumamosi kijana alinifuata alfajiri kunirudisha Tinde. Bei ile ile, 4,000, na tyubu mpya. Nilimweleza habari ya mkewe, akafurahi. Kisha nikamweleza tulilokubaliana na mume wangu kwenye simu: tutamkopesha 240,000 sasa, anunue yake, na yeye atutumie 1,500 ile ile kwa siku ya kazi, kama anavyompelekea tajiri, bila ya ziada, mpaka itimie.

Hakujibu. Alipiga pedeli mpaka tukaiona lami. Pale akashusha mguu chini, akageuka.

"Mayu, na ikitimia?"

"Ikitimia imeisha."

"Hesabu inaisha?"

Sikuwa na karatasi. Nikatoa tiketi ya basi, ile ya kondakta wa uongo, nikaandika nyuma yake 240,000, nikagawanya kwa 1,500 mbele yake, nikapigia mstari jibu: siku 160. Akaisoma, akanirudishia kalamu, tiketi akaikunja mara nne akaitia mfuko wa shati.