Swali la mama wa kwenye benchi

Ilikuwa Juni 2016, majira ambayo baridi ya Mbeya humfanya mtu aone uvivu hata kuutoa mkono kwenye sweta. Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, nami nilikuwa nimepangiwa mafunzo kwa vitendo katika kliniki ya mama na mtoto. Kila asubuhi, kabla ya sindano kuanza, nilisimama mbele ya mabenchi na kuwaeleza kina mama, kwa mbwembwe zote za mwanafunzi aliyefaulu somo, kwamba chanjo ya penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na kwamba humkinga dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na bakteria wanaoleta kichomi na homa ya uti wa mgongo.

Siku hiyo mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni, amefunikwa kitenge juu ya blanketi, aliniuliza kwa upole: “Hiyo ya ini, mwanangu, ninyi mnaoshika damu za watu mmechanjwa?” Alisema kaka yake alifariki kwa ugonjwa wa ini, tumbo likiwa limejaa maji.

Nikajibu, “Ndiyo, mama.”

Nilikuwa nimesema uongo. Chanjo ya homa ya ini aina B kwa mtu mzima ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mimi nilichoma moja tu, mwezi Februari, nikaishia hapo. Sikuwa peke yangu. Tulizaliwa miaka ya 1990, ilhali chanjo hiyo iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, kwa hiyo wengi wetu hatukuwahi kuipata utotoni. Hata hivyo bwenini kila mmoja alikuwa na lake: huyu alisema glovu zinamtosha, yule kwamba mwili wa mtu aliyekulia kijijini umeshazoea vijidudu, na sisi wasichana tulinong’onezana kwamba dozi ya pili huharibu uzazi. Nani aliuanzisha uvumi huo, sikumbuki, lakini najua niliusambaza. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba takwimu tulizijua kwa kichwa. Kwa asiyechanjwa, sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina B yaweza kumwambukiza kwa uwezekano unaofikia asilimia 30, wakati kwa virusi vya UKIMWI ni takriban asilimia 0.3. Tuliziandika kwenye mtihani tukapata alama, kisha tukaendelea kuuogopa UKIMWI peke yake.

Sista msimamizi, aliyekuwa akipanga vichupa kwenye kibebeo cha chanjo, alinisikia. Hakusema neno mbele ya kina mama, jambo ambalo bado namshukuru. Aliniita chumba cha ndani.

“Binti, kadi yako iko wapi?”

Nikaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne, ina tarehe moja. Nilianza kujitetea kwamba muda umeshapita, labda ningeanza upya mwaka ujao nikijaliwa. Akanikatiza: dozi ikichelewa hakuna kuanza upya, unaendelea pale ulipoishia. Alisoma kipimajoto cha friji, akaandika nyuzi 4 kwenye chati kana kwamba sipo, ndipo akachukua kichupa kutoka rafu ya chini, zilipowekwa dozi za wanafunzi.

“Vua sweta.”

Nilitoka nimebana pamba juu ya bega, mkono mmoja wa sweta ukining’inia. Yule mama alikuwa bado kwenye benchi, akimfungua mtoto tayari kwa zamu yake. Alitazama pamba, akanitazama usoni, akasogea kunipa nafasi ya kukaa.

“Pole, mwanangu,” alisema. “Inauma kidogo tu.”